BUSTANI YA MUDA, MAHALI PA KUPUMZISHA MOYO

Mara hii tunajifunza juu ya bustani ndogo isiyo ya kudumu. Mama mmoja wa kambini alituuliza, "Nipande ya nini, na kesho tunaweza kuambiwa tuondoke?" Ni swali la haki. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 kama mahali pa kungojea tu. Mwaka 2021 serikali ilitangaza kwamba itafungwa ifikapo Juni 2022, watu wakakosa usingizi. Haikufungwa. Lakini ardhi si ya mkimbizi, na mto Tarach ukijaa haubishi hodi.

Basi tuanze na gunia. Njia hii ilienea kambini miaka ya 2000. Chukua mkebe mkubwa uliotobolewa juu na chini, usimamishe katikati ya gunia. Ndani ya mkebe weka kokoto, na pembeni yake udongo uliochanganywa na samadi ya mbuzi iliyooza. Vuta mkebe juu kidogo, jaza tena, hivyo hivyo mpaka gunia lijae. Kokoto zinabaki katikati kama nguzo, na maji ukiyamwaga hapo yanashuka mpaka chini. Toboa mashimo ubavuni, panda sukuma wiki ama mchicha. Bamia na mrenda zichimbie kitanda kilichozama, sio tuta, kwa maana jua la Turkana hukausha tuta upesi. Tumieni maji yanayomwagika bombani na ya kusuuzia vyombo. Ya kufulia yenye sabuni nyingi achaneni nayo.

Kwa ua sisi wenyewe tuliwahi kukosea. Tulikata matawi ya ewoi kando ya mto bila kuuliza, tukidhani ni msitu wa bure. Kumbe miti ile ina wenyewe: kwa Waturkana ni ekwar, sehemu ya familia, na maganda yake ni chakula cha mbuzi. Wazee walikuja wakiwa na hasira, na walikuwa na haki. Tuliomba msamaha, tukaketi nao, tukakubaliana tutumie matawi ya mathenge, ambayo hakuna anayeyalilia. Leo mama Waturkana nao wana magunia yao mle ndani. Kikundi chenu kimeulizana na nani kabla ya kuchimba? Jadilini hilo kwanza.

Sasa jambo lenyewe. Kabla ya gunia la pili, tengenezeni kivuli na mahali pa kukaa. Wako wanaokuja pale bila kushika jembe, wanakaa tu. Waacheni. Kanuni zetu zilikuwa mbili: usimuulize mtu aliyoyaona njiani, wala usimuulize safari yake ya kwenda Marekani imefikia wapi. Maneno hayo yako kila mahali kambini, lazima pawe na kona moja yasipoingia. Kubishana juu ya mboga kunaruhusiwa! Mkongo anasema lengalenga, sisi tunasema mchicha. Mrenda Msudani anauita khudra.

Mama yule wa swali alipanda bamia. Alipohamishiwa Kalobeyei aliacha udongo wake kwa gunia la jirani, akakunja gunia tupu, na mbegu akazifunga kwenye pindo la leso.