Vidokezo kwa Mhadhiri Mpya wa Taaluma ya Muziki

Umepangiwa mwaka wa kwanza? Hongera. Darasani utawakuta wapiga kinanda wa kwaya, watengeneza midundo wa kompyuta, na wachache waliokosa nafasi ya sheria. Wote watakufaa.

1. Masikio kwanza. Piga wimbo mara mbili bila kutaja mwimbaji wala mwaka, kisha waandike walichosikia. Ukitangulia kusema "hii ni taarabu", watasikia taarabu hata pale isipokuwepo.

2. Siti binti Saad apewe kipindi kizima. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Upande mmoja wa santuri za wakati ule ulibeba kama dakika tatu tu, ilhali taarabu ya ukumbini haina haraka hiyo: mtu anainuka, anatunza, ubeti unarudiwa. Waulize wanafunzi nini kiliachwa nje ili wimbo uenee. Wakitoka hapo, wape wasifu wake ulioandikwa na Shaaban Robert. Yeye anamsifu Siti, tena kwa Kiswahili kitamu. Mwanataaluma analipwa kuhoji sifa. Halipwi vizuri, lakini analipwa.

3. Piano isiwe hakimu. Uimbaji wa Wagogo wa Dodoma umejengwa juu ya sauti nyembamba zinazozaliwa ndani ya sauti moja nene. Ya saba kati ya hizo iko chini ya noti ya piano kwa karibu theluthi moja ya nusu-toni. Mwanafunzi akisema mwimbaji amepotoka, muulize: kwa kipimo cha nani?

4. Kunukuu noti: sekunde 30 za wimbo zinatosha. Ukidai wimbo mzima, watakuchukia wewe na wimbo.

5. Alika mpiga ganuni, na umlipe. Fundi aliyekaa na ala yake miaka yote hiyo hastahili kurudishwa nyumbani na soda na cheti cha shukrani. Idara ikisema fungu limekwisha, ipunguze vitafunio vya semina. Walio Unguja wana bahati ya kuwa jirani na Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi.

6. Mtihani usiulize klabu ya taarabu ya Ikhwani Safaa ilianzishwa lini. Ni 1905, na simu inajua. Wapigie wimbo wasiowahi kuusikia, uwape saa moja waueleze. Watakaolalamika sana ni waliokariri slaidi zako. Usiwaongezee hata alama moja.