Mkongojo, Miwani na Simu: Somo la Kuwatunza Wazee Wetu



Katika ziara zetu za vigangoni tulimkuta bibi mmoja aliyeifunga miwani yake ndani ya kitambaa na kuiweka sandukuni. Alipewa na wageni. Kila alipoivaa kichwa kilimuuma, lakini aliona haya kusema. Nasi katika taarifa ya mwaka tulikwisha kumhesabu kati ya "wazee waliosaidiwa". Kosa lile ni letu, na ndilo lililotufanya tuandike somo hili.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa taarifa kwamba watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja: miwani, kifaa cha kusikia, mkongojo au kiti cha magurudumu. Katika baadhi ya nchi maskini wanaokipata ni asilimia 3 tu. Tukisikia hivyo tunakimbilia kugawa. Lakini kifaa kisichomfaa mtu humwongezea mzigo.

1. Tupime kwanza
Mzee apimwe macho na mtaalamu kabla ya kupewa miwani. Mkongojo nao una kipimo: mzee asimame wima akiwa na viatu, mikono ikining'inia; mpini uwe usawa wa kifundo cha mkono. Aushike upande wa mguu mzima, si wa mguu unaouma. Hapo wengi hukosea. Chini uwe na mpira ili usiteleze. Kiti cha magurudumu kisicholingana na mwili huleta vidonda kama vya mgonjwa aliyelala muda mrefu.

2. Tufikirie kesho
Anayesikia kwa shida achunguzwe kwanza kama masikio yamezibwa na nta. Akihitaji kifaa, tukumbuke kwamba vingi hutumia betri ndogo zinazodumu wiki moja au mbili hivi. Bajeti isiyo na betri na matengenezo haijakamilika.

3. Simu iende pamoja na jirani
Huko Japani, mwaka 2001 kampuni ya Zojirushi ilitoa birika la umeme linalowapa watoto walio mbali taarifa kuwa mzazi ametumia maji ya chai. Birika likikaa kimya, wanajua kuna la kuuliza. Sisi hatuna birika hilo, ila wazo lake tunaliweza: simu ya kawaida kila asubuhi, na jirani aliyepangwa kwenda kubisha hodi isipojibiwa. Bila jirani huyo, aliye mbali atabaki na wasiwasi tu.

Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, watoto wengi walio mjini huwatumia wazazi fedha kwa simu. Namba ya siri ni ya mzee peke yake; hata mwanakamati asiijue. Asiyeona tarakimu hulazimika kumtajia mtu mwingine. Kumbe miwani sahihi hulinda hata fedha zake.

Maswali ya kujadili katika kamati
- Ni wazee wangapi kwetu wanaishi peke yao? Nani huwabishia hodi?
- Vifaa tulivyogawa mwaka jana, vingapi vinatumika leo?
- Nani atalipia betri, na nani atakarabati kiti kikiharibika?

Bibi yule tulimpeleka hospitali, akaonekana ana mtoto wa jicho. Dawa yake ni upasuaji; miwani ile isingemsaidia kamwe. Kama tungeuliza mapema, asingekaa gizani muda wote ule.

 Wafadhili wetu, tunawaomba msituulize tu tumegawa vifaa vingapi. Tuulizeni vingapi vinatumika. Amri ya kuwaheshimu baba na mama haitimizwi kwa kugawa peke yake. Inatudai turudi tena nyumbani kwa mzee, tukae naye na kumsikiliza.