Tujifunze kwa Miguu: Karura

Ndugu wanakikundi, mikutano tumekaa mingi. Safari hii tutembee, mama, baba na watoto.

Msitu wa Karura, Nairobi, una zaidi ya hekta 1,000. Njia zake si za kupanda mlima; hata watoto wanafika kwenye ziwa dogo lenye mayungiyungi. Ulizeni kiingilio mapema. Bebeni maji, lakini si kwa chupa za plastiki za kutupa: zimekatazwa misituni tangu Juni 2020. Watoto wasikaribie maji peke yao.

Mkifika ziwani, kaeni chini mwaeleze watoto hivi: msitu huu nusura uishe. Sehemu yake iligawiwa watu wajenge. Januari 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti. Hawakuacha. Baadaye Sheria ya Misitu ya 2005 iliwapa wananchi nafasi ya kuunda vyama na kutunza misitu pamoja na serikali.

Maswali ya kujadiliana:
1. Msitu wetu wa karibu unatunzwa na nani?
2. Tukiona unakatwa, tunanyamaza kwa nini?
3. Mwezi huu kikundi chetu kitafanya nini?

Andikeni jibu la tatu kwenye kitabu cha kikundi.