Somo la Biashara ya Nje: Njia ya Kahawa kutoka Nyakahanga hadi Melini

Twaleta somo la toleo hili. Mara nyingi katika mikutano ya matawi huulizwa swali moja: "Sisi watu wa visiwani tuna bahari mlangoni, na meli twaziona kwa macho. Mbona faida ya biashara ya nje haitufikii sawasawa?" Swali ni la haki, nasi tumeona kuwa njia nzuri ya kulijibu ni kumtazama mkulima asiye na bahari kabisa. Ajuaye taabu za jirani hupima zake kwa mizani iliyo sawa.

Basi tumemchagua mkulima wa kahawa wa Nyakahanga.

NYAKAHANGA NI WAPI?

Nyakahanga iko katika Wilaya ya Karagwe, Mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi ya Tanzania, upande wa Uganda na Rwanda. Ni nchi ya vilima, migomba na mibuni. Wengi huijua kwa hospitali yake ya Kilutheri. Zamani Karagwe ulikuwa ufalme, na wafanyabiashara wa pwani waliujua vizuri. Walipanda huko kwa njia ya Tabora wakiwa na nguo na shanga, wakarudi na pembe za ndovu, na walikuwa na kituo chao mahali paitwapo Kafuro. Mwingereza Speke alitoka Unguja mwaka 1860, naye hakufika kwa mfalme Rumanyika wa Karagwe ila mwezi wa Novemba 1861. Hivyo biashara baina ya Zanzibar na Karagwe si jambo jipya. Kilichobadilika ni mali na chombo cha kuichukua.

Kahawa yenyewe watu wa huko walikuwa nayo kabla ya wageni. Waliichemsha pamoja na majani ya kunukia, wakaikausha, na wakamkaribisha mgeni nayo ili aitafune, kama sisi tunavyomkaribisha mgeni kwa tambuu. Wakati wa Wajerumani na baadaye Waingereza ndipo ilipokuwa mali ya kuuzwa nje kwa wingi.

SAFARI YA GUNIA MOJA

Mkulima huchuma buni zilizoiva, huzianika, na buni kavu yenye ganda lake huitwa maganda. Huipeleka katika chama cha msingi cha kijiji, hupimiwa, naye hupewa stakabadhi. Vyama vya msingi vimeungana katika chama kikuu cha wilaya, kiitwacho KDCU. Kahawa hukobolewa, na hapo mkulima hana budi kuijua hesabu moja: kilo mbili za maganda hutoa kama kilo moja tu ya kahawa safi.

Kutoka Nyakahanga gari hupita Bugene, hushuka Kyaka, kisha huingia Bukoba. Daraja la Mto Kagera lililoko Kyaka lilivunjwa na majeshi ya Idi Amin katika vita ya mwaka 1978. Barabara ya lami kutoka Kyaka hadi Bugene, ya kilomita 59 hivi, ni ya miaka ya karibuni. Kabla yake wakati wa masika lori liliweza kulala njiani, na gharama ya lori hilo ilitoka katika bei ya mkulima.

Kutoka Bukoba au bandari ya Kemondo njia ya zamani ni ya maji: gunia hupakiwa melini, huvuka Ziwa Victoria mpaka Mwanza, hupandishwa garimoshi, na husafiri zaidi ya kilomita 1,200 kupita Tabora hadi Dar es Salaam. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928. Kabla ya hapo kahawa ya Bukoba ilivuka ziwa kwenda Kisumu, ambako reli ya Mombasa ilifika mwaka 1901. Siku hizi malori nayo huchukua sehemu kubwa ya mzigo.

Pwani, kahawa hutiwa katika kontena. Kontena la futi 20 huchukua kama tani 18 au 19 za kahawa katika magunia. Hapo tu, baada ya gari, ziwa, reli na bohari, ndipo kahawa ya Nyakahanga inapofika mahali ambapo karafuu zetu huanzia safari.

USALAMA WA CHOMBO

Hatuwezi kulitaja Ziwa Victoria bila ya kuikumbuka meli MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa karibu kufika Mwanza, na mamia ya watu wakapotea. Sisi hatuhitaji kuelezwa msiba huo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikija Pemba, nayo ilikuwa imepakiwa kupita kiasi. Mwenyezi Mungu awarehemu wote. Twasema haya ndani ya somo la biashara kwa kusudi. Atakayeficha uzito wa mzigo wake ili apunguze nauli, au atakayefumba macho chombo kikijazwa, hafanyi biashara. Anaweka rehani roho za watu.

BEI HUHESABIWA VIPI?

Kahawa ya Karagwe kwa wingi ni robusta, na bei ya robusta duniani hutazamwa katika soko la London, kwa dola kwa tani. Mwaka 2019 na 2020, kwa muda mwingi, tani ilikuwa chini ya dola 1,500. Mwezi wa Septemba 2024 ilipita dola 5,000. Mkulima akisikia habari hiyo katika redio hudhani kuwa kilo yake ya maganda ni dola 5. Sivyo. London yasema habari za kahawa safi. Kilo yake ya maganda ni nusu ya hiyo, yaani dola 2 na nusu, na humo bado hazijatolewa gharama za kukoboa, gari, ziwa, reli, bohari, ushuru, nauli ya meli na bima.

Wanachama wajifunze maneno mawili. Bei ya melini ni bei ya mali ikiwa imekwisha pakiwa katika meli bandarini petu. Kutoka hapo nauli na bima ni juu ya mnunuzi. Bei ya kufikishia ni pamoja na nauli na bima mpaka bandari ya mnunuzi. Mtu akikutajia bei kubwa ya nje, muulize kwanza: ni ya melini au ya kufikishia?

Iko pia bei ya biashara ya haki, ambayo vyama vya Kagera vimeitumia tangu miaka ya 1990. Humo huwekwa kiwango ambacho bei haishuki chini yake. Mwaka 2023 kiwango cha robusta iliyokaushwa na ganda lake kiliwekwa senti 120 za Kimarekani kwa ratili, na juu yake fungu la senti 20 ambalo wanachama wenyewe huamua matumizi yake. Fungu hilo hulipwa kwa chama, wala haliwezi kulipwa kwa mkulima mmoja mmoja asiye na daftari wala mizani.

UGONJWA WA BUTURA

Sasa twafika penye kiini cha somo. Adui mkubwa wa mkulima wa Karagwe siye umbali wa bahari. Ni jambo waliitalo butura, yaani kuuza kahawa ikali mtini, pengine ikiwa ua tu, kwa mtu mwenye fedha taslimu.

Tufanye hesabu ya mfano. Mkulima ana mibuni itakayotoa kilo 600 za maganda. Mwezi wa Januari mtoto anatakiwa shuleni na nyumbani hamna kitu. Mwenye fedha humpa shilingi 450,000 na kuyachukua mavuno yote. Wakati wa mavuno kilo moja yauzwa shilingi 2,000, na kilo 600 ni shilingi 1,200,000. Mkulima amepoteza shilingi 750,000. Kama angalikopeshwa na chama chake shilingi 450,000 hizo hizo kwa nyongeza ya asilimia 10, angalirudisha shilingi 495,000 na kubaki na shilingi 705,000 mkononi. Bei ya London ni ile ile, barabara ni ile ile na meli ni ile ile. Tofauti yote imefanyika sebuleni, mwezi wa Januari.

Na mwenye kuinunua kwa butura aghalabu haipeleki chamani. Nyingine huvushwa kwa magendo mpaka Uganda, na hapo chama hukosa mzigo, na wilaya hukosa ushuru wa kutengenezea barabara.

Je, Ndugu Wanachama, habari hizi ni ngeni kwetu? Mikarafuu mingapi hukodishwa kabla ya kuchanua, kwa bei ya shida, na mwenye shamba akabaki kuwa kibarua wa kuchuma karafuu zilizokuwa zake? Vidau vingapi vimevuka usiku kwenda pwani ya Kenya? Shirika la ZSTC ndilo mnunuzi wa karafuu hapa Zanzibar, na katika miaka ya 2010 Serikali ilitangaza kumlipa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Lakini asilimia 80 hizo hulipwa kwa yule aletaye karafuu kituoni. Aliyekodisha mikarafuu mapema amekwisha mpa mwingine haki hiyo.

MFANO WA KISIWA KINGINE

Wako wakulima wa kisiwani wenzetu katika bahari ya Karibea, kisiwa cha Grenada, ambao zao lao ni kungumanga. Mwaka 1947 walifanya chama chao cha ushirika cha kununua, kuhifadhi na kuuza nje. Mkulima hulipwa fedha za awali aletapo mali, na mwisho wa mwaka hugawiwa ziada ikiwapo. Kimbunga Janet cha mwaka 1955 kiliwaangushia miti, na kimbunga Ivan cha Septemba 2004 kikaiangusha tena iliyo mingi. Unguja iliona mfano wake mwaka 1872, kimbunga kilipoangusha mikarafuu. Mti kama huu hauoti kwa mwaka mmoja, na mkulima aliyekwisha kula mavuno ya mbele kwa deni hana cha kumshika mpaka mche mpya uzae.

Tena Kagera wamejifunza kutouza mali ghafi peke yake. Mjini Bukoba kiko kiwanda cha Tanica cha kahawa ya unga, na vyama vikuu vya ushirika vina hisa ndani yake. Kwetu kiko kiwanda cha Wawi kikamuacho mafuta ya makonyo. Kila kikonyo kitupwacho ni fedha itupwayo.

TULIYOJIFUNZA

Kwanza, ukaribu wa bahari hauleti bei peke yake. Bei njema humfikia mwenye mali iliyo kavu, iliyopimwa na yenye stakabadhi. Wa Nyakahanga huambiwa asianike buni juu ya udongo. Nasi tusianike karafuu barabarani wala tusizilaze mbichi katika lundo mpaka zikavunda.

Pili, chama kisicho na akiba ya kumkopesha mwanachama wakati wa shida ni chama cha wakati wa mavuno tu. Halmashauri inakusudia kuleta katika mkutano mkuu shauri la mfuko wa mikopo midogo, ambao kila mwanachama atautilia kidogo wakati wa kuuza, naye apate kukopa wakati wa ada za shule na wa palizi. Twawaomba mlifikiri kabla ya siku hiyo, maana fedha zitakuwa zenu na hasara, ikiwapo, itakuwa yenu.

Tatu, kila mmoja aijue njia ya mali yake, kituo kwa kituo, na gharama ya kila kituo. Asiyeijua hawezi kuuliza, na asiyeuliza hupewa anachopewa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA TAWINI

1. Katika tawi letu ni wanachama wangapi waliokodisha mikarafuu kabla ya mavuno katika msimu uliopita, na ni kwa shida gani?
2. Pishi moja ya karafuu mbichi yatoa kiasi gani ikikauka? Nani amepima mwenyewe?
3. Kila mwanachama akiweka shilingi 200 kwa kila kilo auzayo, tawi letu litakuwa na kiasi gani mwisho wa msimu?

Makatibu wa matawi walete majibu kwa maandishi kabla ya mkutano mkuu. Wassalaam.

Katibu wa Chama