Joto la Prosesa na Hewa Nyepesi ya Ufipa

Mji wa Sumbawanga umejengwa juu ya uwanda wa Ufipa, takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Kwa kuwa baridi yake ya Juni na Julai ni mashuhuri, mwenye kompyuta mjini humo huweza kudhani kwamba chombo chake kitastahimili kazi nzito kuliko cha mwenzake wa Dar es Salaam. Dhana hiyo ina ukweli, lakini si wote.

Prosesa hufanya kazi kwa mapigo. Gigahezi 3 ni mapigo bilioni 3 kwa sekunde, na kila pigo huwasha na kuzima transista nyingi mno, zikitoa joto. Joto hilo huongezeka sambamba na kasi ya mapigo, na kwa kipeo cha pili cha volti. Atakaye kuzidisha mapigo kupita kiwango cha kiwanda aghalabu hulazimika kupandisha volti pia. Akiongeza vyote viwili kwa asilimia 10, joto huzidi kwa asilimia 33. Mwaka 2004 kampuni ya Intel ya Marekani iliuacha mpango wa kuuza Pentium 4 ya gigahezi 4, joto likiwa miongoni mwa vikwazo. Prosesa nyingi za leo hujipunguzia kasi zenyewe zikaribiapo nyuzi 100 za sentigredi.

Feni inayozunguka kwa mwendo ule ule husukuma ujazo ule ule wa hewa popote ilipo, lakini kinachobeba joto ni tungamo la hewa hiyo. Sumbawanga penye nyuzi 20, ujazo huo una hewa pungufu kwa takriban moja ya sita kuliko Dar es Salaam penye nyuzi 30. Chukua mfano wa prosesa ambayo Dar es Salaam huizidi hewa iliyoizunguka kwa nyuzi 50, yaani hufika 80. Sumbawanga tofauti hiyo yaweza kuwa 55, na prosesa ikafika 75. Hewa imepoa kwa nyuzi 10. Prosesa imefaidi 5 tu.

Hata hizo 5 si za kutegemewa, kwani vumbi la kiangazi huziba mapezi ya bamba la kupozea. Aliyezidisha mapigo usiku wa Julai, akaona kompyuta imetulia, hajapima lolote kuhusu mchana wa Oktoba. Kipimo cha haki huchukuliwa saa za joto, prosesa ikiwa imetwishwa kazi nzito kwa muda mrefu, nazo nyuzi zinazosomwa ziwe za prosesa yenyewe, si za chumba.

Kompyuta ikizimika, angalau mwenyewe huona. Kibaya zaidi ni prosesa iliyosukumwa mno kukosea hesabu kimya kimya, kwa kuwa mkondo wa umeme haukuwahi kufika kabla ya pigo lililofuata. Alama za mwanafunzi, au dozi ya mgonjwa, huhifadhiwa zikiwa na kosa ambalo hakuna aliyeliona.