SOMO LA BUSTANI: RANGI NA MAJI



Tajiri hutaka rangi. Sisi tuanze na maji. Bwaise ni bondeni, na mtaro wa Lubigi ukifurika bustani hugeuka dimbwi. Bogenvilia hupendeza sana, lakini mizizi yake huoza ikikaa majini. Mwenzetu mmoja alikatwa mshahara kwa sababu hiyo, naye alipanda kama alivyoamriwa! Penye tope tupande kana, yenye maua mekundu, ya manjano au ya rangi ya machungwa. Bogenvilia tuipande juu ya tuta, au katika debe lililotobolewa chini.

Sasa rangi zenyewe. Nyekundu na manjano huvuta jicho, huonekana karibu. Buluu huonekana mbali, kwa hiyo ikipandwa mwisho wa kiwanja kidogo, kiwanja huonekana kirefu. Nyeupe ikae karibu na mlango: tajiri akirudi magharibi, nyekundu imekwisha kuwa nyeusi machoni pake, nyeupe bado yang'aa. Tusichanganye kila rangi kama mitumba ya Owino. Mbili au tatu zatosha, na majani mabichi kati yake.

Tumweleze haya kabla ya kuchimba, mbele ya shahidi, tukubaliane nani atalipia miche ikifa kwa mafuriko.