KAZI ZA MIKONO: KUFUNGUA BREKI ZILIZOSHIKWA NA KUTU

Somo letu la kazi za mikono safari hii ni breki, ambazo wengi wetu tuliotoka Kongo tulizoea kuziita freni. Tunazungumzia gari kuukuu lililolala mvua mbili tatu bila kutembea. Injini bado inawaka, lakini ukiingiza gia gurudumu la nyuma halizunguki, linaburutwa tu kwenye mchanga. Watu wakichanga pesa kununua gari la namna hiyo, mara nyingi huuliza habari za injini peke yake. Lakini gari hilo hilo ndilo litakalompeleka mama mjamzito hospitali usiku, na siku ya soko litateremka mlima na watu na magunia. Kwa hiyo twende polepole.

Tuchukue mfano wa Toyota za zamani zenye ngoma nyuma, kama Corolla za miaka ya 1990, Hiace na Hilux, kwa kuwa ndizo nyingi. Ndani ya ngoma kuna viatu viwili vya breki vinavyotanuka na kusugua ukuta wake. Kutu hushika mahali patatu. Pa kwanza ni katikati, pale tundu la ngoma linapokaa juu ya habu. Pa pili ni viatu vyenyewe kugandana na chuma, hasa kama gari liliegeshwa breki ya mkono ikiwa imevutwa. Pa tatu ni ukingo wa ndani wa ngoma: viatu haviufikii, basi unabaki umeinuka kama mdomo wa chungu na kuvizuia visitoke. Kijana anayepiga nyundo bila kujua ni wapi panaposhika anajichosha bure.

Kabla ya yote, egesha gari mahali tambarare, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini, legeza nati gurudumu likiwa bado chini, kisha inua. Usiingize hata mkono chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Weka stendi au magogo mapana na imara. Matofali hayafai, hupasuka ghafla. Ukimaliza hapo, shusha breki ya mkono kabisa.

Sasa paka mafuta ya kulainisha kutu kuzunguka habu na kwenye bolti za gurudumu. Mafundi wengine huchanganya mafuta ya gia otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu. Mchanganyiko huo unafanya kazi vizuri, ila asetoni hushika moto upesi, usiutumie karibu na jiko wala sigara. Paka kidogo, yasitiririke ndani kwenye viatu. Acha yalale usiku mzima. Wasomaji wengi wataruka hapa kwa haraka, na hapa ndipo kazi inapofanyika.

Asubuhi, gonga uso wa ngoma kati ya bolti na bolti, ukizunguka, kwa nyundo ya kadiri. Unataka mtetemo unaovunja kutu. Usipige ukingo wa nje kwa hasira, maana ngoma ni chuma cha kumiminwa, hakipindi, hupasuka. Ukitazama vizuri utaona kwenye uso wake matundu mawili madogo yenye nyuzi za bolti. Wengi hudhani ni mapambo. Chukua bolti mbili za milimita 8, zile za spana namba 12, zipake mafuta na uzikaze humo kwa zamu: nusu mzunguko huku, nusu kule. Bolti zitasukuma habu na ngoma itaanza kutoka yenyewe. Ikigoma, gonga tena, usizidi kukaza, maana nyuzi zitang'oka.

Ngoma ikisogea kidogo kisha ikanasa, ujue ni ule ukingo. Nyuma ya bamba kuna tundu dogo lenye kizibo cha mpira. Ingiza bisibisi nyembamba usukume kando kile kijiti kinachozuia, na kwa bisibisi ya pili zungusha kigurudumu chenye meno ili viatu vijikunje. Hata hivyo ikishindikana, dawa ya mwisho ni kukata vichwa vya pini mbili zinazoshika viatu, kwa nyuma ya bamba, ngoma itoke pamoja na viatu. Hapo lazima ununue pini mpya.

Vumbi la ndani usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Viatu vingi vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, ambayo huharibu mapafu, na ugonjwa wake huja baada ya miaka mingi. Lowesha kwa maji ya sabuni, futa kwa kitambaa, ukitupe. Watoto wasikae karibu. Tena fungua upande mmoja tu kwa wakati, ili ule mwingine uwe kielelezo cha kurudishia springi.

Nipeli ya kutolea hewa ikishika, usitumie spana ya mdomo wazi, itaviringa pembe zake. Tumia ya pete yenye pembe sita. Jaribu kwanza kukaza kidogo, ndipo ulegeze. Bomba la breki likianza kujisokota pamoja na nati yake, acha mara moja. Bomba lililopasuka halichomelewi. Linabadilishwa.

Mbele kwenye diski, pistoni ya kalipa ikigoma, weka kipande cha mbao mbele yake na mwambie mwenzako akanyage pedali polepole, mafuta ya breki yaisukume. Vidole viwe mbali. Ukikuta pistoni ina mashimo ya kutu, usiirudishe.

Jambo moja tunalisisitiza: mipira ya breki isiguse dizeli, mafuta taa, mafuta ya injini wala grisi ya kawaida. Huvimba, na breki hushika au huvuja. Osha kwa mafuta ya breki yenyewe. Yale ya zamani yamwage yote, maana hunyonya maji hewani, na maji hayo ndiyo yanayoleta kutu ndani ya silinda. Weka mapya ya DOT 3 kutoka kopo lililofungwa, kisha toa hewa kuanzia gurudumu la mbali.

Siku ya kwanza endesha bila abiria, mahali tambarare, kama kilomita mbili, bila kukanyaga breki sana. Simama, sogeza mkono karibu na kila gurudumu bila kugusa chuma. Lile lenye joto kuliko wenzake bado linashika. Lifungue tena kabla gari halijapanda mlima.